Mgeni Rasmi wa Mpira wa Mkojo

Nchi ninayoisimulia siitaji jina. Si kwa woga. Jina la zamani lilifutwa mwaka juzi, na jipya bado halijapata mgeni rasmi wa kulizindua, kwa hiyo kwa sasa tunasema tu "hapa", na wageni hutuelewa.

Hapa, ndugu msomaji, hakuna kitu kinachoanza bila mgeni rasmi. Choo cha shule hakiingiwi na daraja halipitwi, hata kama mto umefurika, mpaka aje mtu mwenye shingo nene, apewe mkasi kwenye sinia, akate utepe na kusema maneno machache yanayochukua saa mbili. Kuna nchi ambako watu huanza kazi kwanza, halafu husherehekea kama kuna cha kusherehekea. Sisi ushamba huo tuliuacha zamani. Nayajua haya kwa undani kwa sababu mimi ni Mwandishi wa Risala Daraja la Pili katika Wizara ya Bei, Stakabadhi na Sherehe. Kila neno "adhimu" lililosomwa jukwaani kwa miaka tisa limetoka kwenye kalamu yangu.

Basi Serikali yetu sikivu ilinunua Mfumo. Ulikuwa Mfumo wa kompyuta wa kupokea oda na kutoa ankara, mmoja kwa nchi nzima, kuanzia duka la mangi hadi hospitali. Waliotuuzia walisema jambo dogo tu: kwanza ingizeni kila bidhaa na bei yake ya msingi, baada ya hapo oda na ankara zitajitengeneza zenyewe. Bidhaa zilikuwa elfu kumi na nne. Wakasema ni kazi ya wiki mbili kwa makarani wanne.

Waziri wetu, Mheshimiwa Ladislaus Kitundwe, aliposikia habari ya makarani aliumia sana.

"Bei za msingi za taifa zima ziingizwe na karani?" aliuliza kikaoni. "Karani gani? Nani anamjua? Ameshawahi kupigiwa saluti?"

Mtaalamu wetu wa Mfumo, Bwana Kasiano, mtu mpole anayependa kueleza mambo kama yalivyo, alijaribu kumtuliza. "Mheshimiwa, ni namba tu. Unaandika chumvi, unaandika mia saba, unabonyeza, imeisha."

"Unabonyeza kama nani?"

Kesho yake Bwana Kasiano aliongeza nafasi mpya kwenye fomu ya bidhaa, chini ya jina, kipimo na bei ya msingi. Nafasi hiyo iliitwa "Mgeni Rasmi Aliyezindua". Ikiachwa wazi, bei haikubali kuingia. Tangu siku hiyo kila bidhaa ilipaswa kuwa na uzinduzi wake, na gharama za uzinduzi, kwa kuwa hazikuwa na fungu jingine, zikaingizwa humo humo kwenye bei ya msingi.

Kanuni ya pili aliiandika Waziri mwenyewe, kwa wino wa kijani: bei iliyozinduliwa haifutwi wala kurekebishwa, ila kwa Uzinduzi wa Kufuta, na mgeni rasmi wake awe na cheo kile kile au zaidi, na aeleze kwa kipaza sauti ni nini alichokosea. Ndiyo maana chanuo la nywele hapa linauzwa milioni moja na nusu. Naibu Waziri alikosea kubonyeza, na hajapatikana mtu wa kusimama jukwaani kulisema hilo. Ukituona vichwa vyetu, tusamehe.

Uzinduzi ulianza na bia. Ulirudiwa mara tatu, kwa sababu viongozi watatu waligombea. Ikafuata sofa, gari, saa ya mkononi, kitanda cha sita kwa sita. Niliandika risala mpaka kidole kikaota sugu. "Mheshimiwa mgeni rasmi, sofa hii adhimu ni kielelezo cha ukaaji wetu kama taifa." Watu walilia machozi, hasa waliosimama juani.

Mwaka ulipokwisha tulikuwa na bidhaa mia mbili na kumi na mbili zenye bei. Zilizobaki mashine ya risiti ilizikataa kwa herufi nyekundu: BIDHAA HAIJAZINDULIWA. Wananchi, kwa kukosa uzalendo, waliendelea kuuziana sabuni na nyembe kwa kificho. Hospitalini haikuwezekana. Makabati ya stoo za dawa yalikuwa ya chuma na yameunganishwa na Mfumo. Ankara ikitoka, kabati linatoa kitu kimoja. Ankara isipotoka, hata ulipige teke, halitoi kitu.

Tatizo, kama utakubali niliite hivyo, lilikuwa heshima. Jina la mgeni rasmi huchapwa kwenye kila ankara ya bidhaa aliyoizindua, milele. Kwa bia walipigana. Kwa dawa ya minyoo hakujitokeza mtu. Nilituma barua kumi na saba kutafuta mgeni rasmi wa pedi za akina mama, na viongozi kumi na saba wote walikuwa na udhuru siku ambayo sikuwa nimeitaja.

*

Mzee Nditi alikuwa mchimba visima. Kwa miaka arobaini ameshuka chini ya ardhi na kamba kiunoni, na nusu ya wilaya yake inakunywa maji aliyoyapata yeye. Jumanne moja mkojo ulimziba. Tezi dume ilikuwa imevimba, tumbo likajaa kama ngoma, na mkewe, Bi. Somoe, akamfikisha hospitali ya wilaya juu ya mkokoteni wa kubebea mchanga.

Anachohitaji mtu wa namna hiyo ni mpira wa mkojo. Unaingizwa, mkojo unatoka, mtu anapumua. Zamani mipira hiyo wazee walipewa bure. Mtunza stoo wa hospitali, Bi. Mwantumu, alikuwa nayo arobaini na miwili, kwenye kabati lililokuwa hatua nne kutoka dirisha aliposimama Bi. Somoe. Alibonyeza. Zikatoka herufi nyekundu.

"Nakuomba mwanangu, si ni bure kwa wazee?" alisema Bi. Somoe.

"Ni bure, bibi. Lakini bure kwenye Mfumo ni punguzo la asilimia mia moja. Na hii haina bei ya msingi. Nipunguze asilimia mia ya nini?"

"Ya hakuna."

"Nilijaribu, bibi yangu. Mfumo unasema hakuna haijazinduliwa."

Daktari wa zamu alifanya alichoweza. Sindano zilikuwa na bei, zilizinduliwa na Katibu Tawala aliyedhani ni za cherehani. Basi alimchoma mzee tumboni kwa sindano kubwa, akavuta mkojo kidogo, na baada ya saa chache akamchoma tena. Akamwambia Bi. Somoe ukweli: hivyo hawezi kwenda zaidi ya siku tatu nne, damu itaingia sumu. Mzee anahitaji mpira, na mpira unahitaji mgeni rasmi.

Bi. Somoe akaenda kumtafuta.

Mkuu wa Wilaya alimpokea vizuri, akampa hata soda. Alipoelewa anachoombwa, aliinuka kufunga mlango.

"Mama yangu, mimi ndiye niliyezindua friji. Leo jina langu lichapwe kwenye mpira wa mkojo? Wajukuu zangu watakuja kusemaje?"

"Watasema babu yetu aliokoa watu."

"Hujui wajukuu zangu," alisema Mkuu wa Wilaya.

Jumatano jioni Bi. Somoe alifika wizarani, mlangoni kwangu, na vumbi mpaka magotini. Nilimwandikia ombi kwa Waziri, kurasa mbili, lugha safi. Alikaa kwenye benchi akiniangalia nikiandika. Niliona aibu. Sijui kwa nini, kwa sababu kwa mujibu wa kanuni sikuwa nimekosea popote.

Waziri alisoma mstari wa kwanza, akanirudishia karatasi kwa ncha za vidole.

"Mwambie mama huyo Serikali inamjali," alisema. "Lakini Serikali haishuki chini ya kitovu."

Maneno hayo niliyaona mazito. Niliyanakili kwenye daftari langu la misemo ya viongozi, kisha nikatoka kumwambia Bi. Somoe. Alifunga khanga yake vizuri, akanishukuru kwa karatasi, akaondoka kurudi kwa mumewe. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

*

Ijumaa, Mheshimiwa Kitundwe alikuwa katika wilaya hiyo hiyo kuzindua bei ya msingi ya juisi ya ukwaju. Alikunywa glasi tano mbele ya kamera, akahutubia saa mbili na nusu juu ya ukwaju na mustakabali wa taifa, na aliposhuka jukwaani kwenda kujisaidia, hakikutoka kitu. Alirudi, akahutubia tena kidogo, akaenda tena. Hakuna. Kumbe na yeye tezi dume ilikuwa ikimsumbua muda mrefu, ila ugonjwa wa Waziri ni siri ya dola.

Ndege ya kumpeleka nje ya nchi ilikuwapo, lakini ngazi yake ya kupandia ilikuwa haijazinduliwa. Wodi ya viongozi ilikuwa na kila kitu isipokuwa shuka, kwa sababu hiyo hiyo. Wakamlaza wodi ya wanaume, kitanda namba tisa. Namba nane alikuwa Mzee Nditi, macho yameingia ndani, tumbo lina alama za sindano.

Mimi nilifika nikiwa na daftari langu. Mheshimiwa alikuwa akijinyonganyonga, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu," Mzee Nditi alimwambia kwa sauti ndogo. "Usikaze tumbo. Ukikaza ndiyo inazidi."

"Mimi si mwanao!" alifoka Waziri. "Unajua unaongea na nani?"

"Naongea na mtu aliyezibwa mkojo, mwanangu. Lala ubavu."

Waziri alilala ubavu. Ilimsaidia kidogo, na hilo lilimuudhi zaidi.

Daktari alieleza hali: mpira upo, bei hakuna. Waziri alifungua mdomo kutoa amri kabati livunjwe, akakumbuka kwamba adhabu ya kuvunja kabati aliitunga yeye, kifungo bila faini, na kwamba aliizindua kwa fataki. Kuuzindua mpira wenyewe ndiyo njia pekee iliyobaki. Mkuu wa Wilaya alipoombwa aje badala yake, simu yake ilikuwa haipatikani.

"Basi nitazindua mimi!" alilia Waziri. "Leteni hiyo kompyuta!"

Ofisa itifaki, kwa huzuni kubwa, alimkumbusha kwamba uzinduzi wa ngazi ya Waziri unataka bendi, turubai, viti mia tatu, waalikwa sitini wenye posho na risala isiyopungua kurasa tatu. Bendi ilikuwa bado uwanjani kwenye ukwaju. Ikaletwa kwa lori la polisi. Turubai lilifungwa ndani ya wodi, juu ya vitanda, na wagonjwa kumi na wawili wakahesabiwa kama waalikwa, ingawa posho zao walipokea watu wengine. Utepe haukupatikana, wakatumia bandeji.

Nikasoma risala. "Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki ikiwa imezingatiwa, mpira huu adhimu wa mkojo..."

"Ukurasa wa mwisho!" alipiga kelele mgeni rasmi.

"...ni kielelezo cha mtiririko wa maendeleo..."

"Wa mwisho, we mbwa!"

Lakini kurasa ni tatu, ndugu msomaji, na mimi ni mtumishi wa umma. Nilisoma zote, taratibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa nilikuwa na mgeni rasmi aliyenisikiliza kwa machozi. Nakiri niliongeza aya moja pale pale, juu ya wachimba visima. Bendi ikapiga. Mheshimiwa akakata bandeji akiwa amelala, Bwana Kasiano, aliyekuja na msafara wa ukwaju, akamsogezea kompyuta, na kidole cha taifa kikabonyeza.

Bei ya msingi ilikokotolewa yenyewe: mpira shilingi elfu tatu, na bendi, lori, turubai, viti, posho, bandeji na mimi, jumla milioni kumi na mbili na laki tatu. Kabati likafunguka. Mpira wa kwanza ulikuwa wa Waziri, na kwenye ankara yake ilichaguliwa sababu ya punguzo iliyokuwa namba moja kwenye orodha, "Kiongozi", asilimia mia moja. Dakika kumi baadaye alikuwa akitabasamu. Alipanda gari akiwa amebeba mfuko wake wa mkojo chini ya koti, ving'ora vikalia, akaenda zake. Hakumwangalia mtu wa kitanda namba nane, wala mimi sikutarajia.

*

Bi. Somoe alirudi dirishani.

"Sasa una bei," alisema.

"Una bei, bibi," alisema Bi. Mwantumu, akamsomea.

Bi. Somoe hakupiga kelele. Alishika ukingo wa dirisha, akauliza kama wanaweza kumpa mpira aliotumia Waziri akishamaliza.

Bi. Mwantumu aliikazia macho kompyuta. Miaka ishirini na sita kazini, amezika wagonjwa wa kila bei. Kisha akavuta kiti karibu.

"Bibi, bei ikiwepo, punguzo lipo. Shida ni sababu. Zipo nne tu. Kiongozi, mwenza wa kiongozi, mtoto wa kiongozi, mzazi wa kiongozi. Hiyo ya wazee imepangwa kuzinduliwa mwakani." Akashusha sauti. "Mzee wako ana undugu wowote na Waziri?"

"Undugu wa wapi? Sisi watu wa visima."

"Fikiri vizuri, bibi yangu. Pale kitandani alikuwa akimwitaje?"

Bi. Somoe alifikiri.

"Alikuwa akimwita mwanangu."

"Wote tulisikia," alisema Bi. Mwantumu, akabonyeza namba nne. Mfumo ukauliza: mzazi wa kiongozi yupi? Akaandika jina lote, na vyeo vyote, kwa herufi kubwa. Kabati likafunguka bila kusitasita.

Ankara ilitoka safi. Bei ya msingi: 12,300,000. Punguzo: asilimia mia moja. Cha kulipa: sifuri. Mgeni rasmi aliyezindua: Mheshimiwa Ladislaus Kitundwe. Sababu ya punguzo: baba mzazi wa huyo huyo. Usiku ule Mzee Nditi alilala usingizi wa mtu mwenye afya, na mkewe akalala sakafuni pembeni yake, ameshika ankara mkononi.

Habari za dirisha la Bi. Mwantumu zilienda mbali. Wazee walikuja kwa baiskeli, kwa mikokoteni, wengine wakibebwa mgongoni, kutoka wilaya nne. Kila mmoja aliulizwa swali moja tu, "Mzee, Waziri ni nani wako?" na kila mmoja alijibu bila kuona haya. Katoni ikaisha.

*

Mwisho wa mwaka Mheshimiwa alisimama bungeni kutoa taarifa ya mafanikio ya Mfumo. Taarifa niliiandika mimi kutoka kwenye ankara, namba zikiwa vilevile kama Mfumo ulivyozitoa. Desturi ya Mheshimiwa ni kutosoma hotuba kabla ya kuihutubia, ili naye apate uhondo.

"Mheshimiwa Spika," alisoma kwa sauti ya chuma, redio zote zikirusha, "katika kipindi hiki Serikali imetoa punguzo la shilingi milioni mia tano na nne na laki tatu kwa mipira ya mkojo, lililowanufaisha baba wazazi arobaini na mmoja wa Waziri wa Bei, Stakabadhi na Sherehe."

Wabunge wakapiga meza, maana namba ikitajwa meza hupigwa. Waziri akainamisha kichwa kushukuru. Akiwa ameinama ndipo alipoelewa.

Mama yake mzazi, ambaye namshukuru Mungu bado yu hai, amekataa kuzungumza na waandishi wa habari.

Waziri alidai taarifa hizo zifutwe siku ile ile. Bwana Kasiano, mpole kama kawaida, alimfungulia kanuni yake mwenyewe ya wino wa kijani. Ankara huzaliwa na bei, bei imezinduliwa, na kufuta kunataka Uzinduzi wa Kufuta, mmoja kwa kila baba. Ni mara arobaini na moja, kila mara na bendi, na turubai, na mgeni rasmi kupanda jukwaani mbele ya wananchi na kueleza kwa kipaza sauti kwamba mzee huyu aliyeketi hapa si baba yake, na alijuaje. Risala zimeshaandikwa, mimi mwenyewe niliziandika, kwa bidii ambayo sijawahi kuwa nayo. Tunasubiri tarehe. Wananchi wameshaanza kuweka mawe kushika nafasi za mbele.

Mimi nimehamishiwa kitengo cha machanuo. Bi. Mwantumu walitaka kumfukuza, lakini barua ya kumfukuza ilikosa mtu wa kuizindua.

Mwezi uliopita nilipita kwa Mzee Nditi. Ankara ameitundika ukutani, ndani ya fremu, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Amenona. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kisima kipya akielekeza wachimbaji, na redio ilikuwa ikisema kwamba Waziri kwa mara nyingine ameahirisha.

"Unamfahamu?" aliniuliza.

Nilimwambia nilikuwa nikimwandikia risala.

"Basi ukimwona mwambie mimi sina kinyongo naye," alisema. "Wenzangu arobaini sijui, waulizeni wenyewe. Mimi nililazwa naye wodi moja, nikamwona anavyolia. Mwambie aje nyumbani anisalimie. Ila aje bila bendi."